KUWIA NA KUWIWA: Shylock wa "Mabepari wa Venisi" mbele ya Msomaji wa Kigali

Tamthiliya ya William Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi imeingia katika Kiswahili mara mbili, na mara zote mbili imebadilishwa jina. Mara ya kwanza ilikuwa Unguja mwaka 1867, Edward Steere alipochapa Hadithi za Kiingereza, kijitabu cha hadithi nne alizozitafsiri kutoka katika masimulizi ya Charles na Mary Lamb. Hadithi ya mfanyabiashara huyo aliiita "Kuwia na Kuwiwa". Mara ya pili ilikuwa mwaka 1969, Julius Nyerere, aliyekuwa Rais wa Tanzania, alipoitoa tamthiliya yenyewe kwa jina la Mabepari wa Venisi. Baina ya majina hayo mawili ilipita miaka 102. Yanatofautiana sana, lakini yanakubaliana katika jambo moja: hakuna hata moja linalomtaja Myahudi.

Tunaanza na jambo hili kwa sababu maalumu. Tulipoisoma tamthiliya hii na wanafunzi wetu hapa Kigali, tuliwataka waandike maelezo mafupi juu ya Shylock, yule mkopeshaji. Insha nyingi zilianza kwa sentensi ambayo kisarufi haina kosa: "Shylock ni Myahudi, kwa hiyo ni mkatili na mpenda fedha." Tukasahihisha ngeli na tahajia, tukatia alama, tukarudisha madaftari. Baadaye ndipo tulipotambua kwamba kosa kubwa kuliko yote tulikuwa tumeliacha bila kulipigia mstari. Kosa hilo lilikuwa katika maneno mawili: kwa hiyo.

Makala haya yamekusudia kuyachunguza maneno hayo mawili. Yanatoka wapi? Je, yamo katika tamthiliya, yamo katika tafsiri, au yamo ndani yetu sisi wasomaji? Na mwalimu wa Kiswahili afanye nini nayo?

Na tuyatazame kwanza majina ya vitabu. "Kuwia" ni kumdai mtu, na "kuwiwa" ni kudaiwa. Jina alilolichagua Steere linataja tendo, wala halimtaji mtu. Linamwambia msomaji kwamba hadithi hii ni ya deni, na deni lina pande mbili kama kamba inayovutwa: bila mmoja kushika huku na mwingine kushika kule, hakuna deni. Ni jina zuri, tena lenye hekima ya wenyeji, wale wasemao kukopa harusi, kulipa matanga.

Jina la Nyerere limechukua njia nyingine. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja tu, naye ni Antonio, Mkristo mwenye merikebu baharini. Mfasiri amemgeuza mmoja kuwa wengi. Tena hakusema "wafanyabiashara", amesema "mabepari". Neno bepari asili yake ni Bara Hindi, na hapo zamani lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu, hasa yule mkubwa. Lakini kufikia mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno hilo lilikwisha kuvaa maana ya mwenye mali aishiye kwa jasho la wengine. Kwa jina hilo Antonio na Shylock wametiwa katika kapu moja. Msomaji anaambiwa, kabla hajafunua ukurasa wa kwanza, kwamba ugonjwa atakaousoma ni wa mji mzima wala si wa mtu mmoja.

Linganisha na jinsi kitabu chenyewe kilivyotangazwa Uingereza. Chapa ya kwanza, ya mwaka 1600, iliweka katika ukurasa wake wa mbele tangazo la ukatili mkubwa wa Shylock Myahudi. Na miaka miwili kabla yake, kilipoandikishwa katika daftari la wachapaji wa London, kilitajwa pia kwa jina la pili, Myahudi wa Venisi. Wauza vitabu wa London walijua kinachouzika. Kwa hiyo Kiswahili kimekirithi kitabu hiki pasipo tangazo hilo la chuki, na hiyo ni neema ambayo walimu wengi hatujaitambua.

Hata hivyo neema hiyo si kamili. Neno bepari, katika miji yetu ya Afrika ya Mashariki, mara nyingi lilielekezwa kwa Mhindi mwenye duka. Wapo wasomaji waliomwona Shylock wakamwona yeye, wakacheka kicheko kile kile cha watu wa London. Mwaka 1972, huko Uganda, Idi Amin aliwapa watu wenye asili ya Asia siku 90 wawe wameondoka nchini, na sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba walikuwa wanawanyonya wananchi. Twaona, basi, kwamba jina la tabaka nalo linaweza kugeuzwa likawa jina la kabila. Kubadilisha jina la kitabu hakutoshi kuondoa "kwa hiyo" katika kichwa cha msomaji.

Sasa tuingie ndani ya tamthiliya. Ni nani huyu Shylock? Wanafunzi humdhani kuwa tajiri mkubwa wa Venisi. La hasha. Bassanio anapotaka kukopa ducat 3,000 kwa miezi mitatu, kwa dhamana ya Antonio, Shylock anakiri kwamba fedha hizo zote hana mkononi, bali itambidi azipate kwa Myahudi mwenziwe, Tubal. Mwenye merikebu ziendazo Tripoli, India na Meksiko ni Antonio. Shylock ni mtu wa daftari na sanduku, mtu wa kuhesabu. Nyumba yake ni ya kujibana. Mtumishi wake Launcelot analia njaa, anahama. Ana pete aliyopewa na marehemu mkewe, Leah, kabla hawajaoana, na binti yake anapotoroka naye anaitwaa, akaibadilisha kwa nyani. Uchungu anaoutoa Shylock juu ya pete ile hauhusu bei yake. Hapo ndipo Shakespeare, kwa muda mfupi, anamwonyesha mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya jina.

Katika tamthiliya nzima mtu huyu huitwa "Myahudi" mara nyingi zaidi kuliko anavyoitwa kwa jina lake. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kulieleza jambo hili vizuri kuliko mwalimu wa Kiingereza, kwa sababu sisi tuna utani. Watani huitana kwa makabila yao, wakakejeliana, wakacheka, na hakuna anayeondoka na kinyongo. Kwa nini? Kwa sababu utani ni wa zamu: leo wewe, kesho mimi. Venisi haikuwa na zamu. Antonio alimtemea mate Shylock sokoni Rialto, akamwita mbwa, na Shylock hakuwa na ruhusa ya kurudisha hata moja. Utani usio na zamu ni tusi, na tusi lililokaa miaka mingi pasipo jibu huwa deni. Shylock anapodai ratili moja ya nyama ya Antonio, anadai kuwia kule ambako hakuandikwi katika hati.

Lakini tamthiliya ina upungufu mkubwa ambao mhakiki hana budi kuutaja. Shakespeare hakuujua mji anaousimulia. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka mwaka 1656. Mwandishi aliyezaliwa mwaka 1564 hakuishi katika nchi ambamo Wayahudi waliabudu waziwazi. Ndiyo maana neno ghetto halimo katika tamthiliya hata mara moja, ingawa mkopeshaji halisi wa Venisi aliishi humo na hakuwa na mahali pengine pa kuishi.

Tarehe 29 Machi 1516 serikali ya Venisi iliamuru Wayahudi wa mji wakae katika kisiwa kimoja kidogo kilichozungukwa na mifereji, mahali palipowahi kuwa na kiwanda cha kusubu shaba. Wataalamu wengi husema kwamba neno ghetto limetoka katika kazi hiyo ya kusubu. Milango ilifungwa usiku, ikalindwa na Wakristo ambao mishahara yao ililipwa na Wayahudi wenyewe. Mashua za doria zilizunguka, nazo zililipiwa na wao hao. Mchana waliruhusiwa kutoka, wamevaa alama ya kuwatambulisha. Hawakuruhusiwa kumiliki nyumba wala ardhi. Watu walipoongezeka, nyumba hazikuweza kutanuka, zikapanda juu, ghorofa juu ya ghorofa, zenye dari za chini. Vijana wetu wa Dar es Salaam na Nairobi, wanaposema "geto" kwa maana ya chumba cha kijana anayejitegemea, wanalitamka neno hili bila kujua kufuli lililokuwa juu yake.

Isitoshe, kazi ya kukopesha haikuwa tamaa ya Myahudi. Ilikuwa sharti la serikali. Wayahudi walikubaliwa kukaa kwa mkataba wa miaka michache, uliorudiwa tena na tena kwa malipo. Kazi nyingi walikatazwa, wakaachiwa uuzaji wa nguo kuukuu, uganga, na kukopesha kwa rehani. Mwishoni mwa karne ya 16 mkataba uliwalazimisha kuendesha nyumba za rehani kwa ajili ya maskini wa Kikristo: mkopo usiozidi ducat 3 kwa kila rehani, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, iliyowekwa na serikali. Nyumba hizo zilijulikana kwa rangi, nyekundu, kijani na nyeusi. Na ile nyekundu inaonyeshwa kwa wageni hata leo. Zilikuwa mzigo, na jamii nzima ya Wayahudi ilichangishwa ili zisifungwe.

Hapa tunaomba msomaji apige hesabu nasi. Shylock wa jukwaani anakopesha ducat 3,000 na kudai nyama ya mtu. Mkopeshaji wa ghetto alikopesha ducat 3, akapokea joho kuukuu au sufuria iwe rehani, akaandika hati, akafunga dirisha, akarudi nyumbani kabla lango halijafungwa. Tofauti baina ya wawili hao ni mara elfu moja. Mara elfu hiyo ndiyo kazi ya chuki: humchukua mtu wa kawaida, mwenye kazi ya kawaida, ikamkuza mpaka aogopwe. Hata lile tukio la Jessica kutoroka usiku na mchumba wake Mkristo kwa mwanga wa mienge lisingaliwezekana katika Venisi halisi. Angefika wapi, na lango limefungwa?

Msomaji wa Kigali asidhani kwamba habari hizi ni za mbali. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, na Kiswahili kiliingia pamoja na msafara huo, vinywani mwa askari, wapagazi, makarani na wachuuzi. Msikiti wa Al-Fatah, Nyamirambo, ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji walipoitawala nchi baada ya Wajerumani, Waislamu na wasemaji wa Kiswahili walitengewa mtaa wao, Biryogo, uliojulikana kwa jina la Kambi ya Waswahili. Hawakuwa na uhuru wa kukaa wapendapo, na safari ilihitaji kibali. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na mtoto wa Kiislamu hakupata nafasi kwa urahisi. Kazi zilizobaki ni uchuuzi, ushonaji na udereva. Kisha, baada ya kuwafungia watu hawa katika biashara ndogo ndogo, mji ukawacheka kwa sababu ni wachuuzi. Jina "Mswahili" likawa na maana ya mjanja, mtu asiye na kwao, mwenye maneno mengi. José Kagabo ameieleza historia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya Uislamu na "Waswahili" wa Rwanda. Na hata Dar es Salaam, ambako Kiswahili ni lugha ya wote, si ajabu kusikia mtu akimlaumu mwenziwe kwa "uswahili wake".

Hatusemi kwamba Biryogo ilikuwa sawasawa na ghetto ya Venisi. Haikuwa na mfereji wala lango la kufungwa usiku. Tunachosema ni kwamba mpango wa fikra ni ule ule: kwanza sheria humfunga mtu mahali, kisha humwachia kazi moja tu, kisha kazi hiyo hugeuzwa kuwa tabia yake, na mwishowe tabia hiyo hugeuzwa kuwa damu yake. Hatua ya mwisho ndiyo "kwa hiyo" ya wanafunzi wetu.

Na nchi hii inajua "kwa hiyo" inapofikia. Desemba 1990 gazeti la Kangura lilichapa amri kumi kwa Wahutu. Mojawapo ilidai kwamba kila Mtutsi ni mdanganyifu katika biashara, na kwamba Mhutu atakayeshirikiana naye katika biashara, au kumkopesha fedha, au kukopa kwake, ni msaliti. Tazama: amri hiyo ilianza na deni. Ilikata kamba ya kuwia na kuwiwa, ambayo pamoja na taabu zake zote huwafunga majirani pamoja. Miaka mitatu na miezi kadhaa baadaye yakatokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mwenye gazeti hilo, Hassan Ngeze, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Arusha mwaka 2003. Inakumbukwa vile vile kwamba Waislamu wengi, watu wa mitaa kama Biryogo, waliwaficha waliokuwa wakiwindwa.

Yupo atakayetupinga aseme: je, mnataka tumtetee Shylock? Alinoa kisu mbele ya mahakama, alikataa fedha maradufu, alikataa kusamehe. Hoja hii ni ya haki, nasi hatuikwepi. Wanafunzi wetu wa Kigali wanawafahamu "banki lamberi", wale wakopeshaji wasio na leseni wanaowashikia watu hati za nyumba na kudai riba isiyokwisha. Mwanafunzi mmoja alimwita Shylock kwa jina hilo, darasa likacheka, naye hakukosea sana. Ukatili ni ukatili, na kisu ni kisu. Lakini tazama alivyofanya mwanafunzi yule: alimlinganisha Shylock na watu wenye kazi fulani, wanaotoka katika kila ukoo na kila dini. Hakumlinganisha na taifa. Hukumu juu ya kitendo tunaihitaji. Bila hiyo hakuna uhakiki wala haki. Hukumu juu ya jina ndiyo tunayoikataa.

Tena mahakama ya Venisi haikuwa safi. Shylock anawakumbusha wakuu wa mji kwamba wao wenyewe wana watumwa waliowanunua, wanaowatumia kama punda na mbwa, na hakuna anayewaambia wawaachie huru. Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki, ambaye soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, maneno hayo yana uzito wa pekee. Hakuna anayemjibu. Hatimaye ananyang'anywa mali na kulazimishwa kubatizwa, na wote wanaita hiyo huruma. Hapo jina Mabepari wa Venisi linathibitika kuwa na haki: aliyehukumiwa ni bepari mmoja, waliohukumu ni mabepari wengi.

Kwa maoni yetu, tafsiri ya Nyerere inastahili kubaki madarasani. Mistari yake isiyo na vina iliwafungulia waandishi wa Kiswahili mlango mwingine, na jina lake ni uhakiki kamili wa neno moja. Upungufu uliobaki ni wa tamthiliya yenyewe, na ni juu ya mwalimu kuujaza. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, somo lianze na ramani ya ghetto kabla ya onyesho la kwanza, ili mwanafunzi aone lango kabla ya kuona kisu. Pili, wanafunzi wahesabu katika onyesho la mahakama mara ngapi Shylock anaitwa kwa jina lake na mara ngapi kwa taifa lake, kisha waeleze ni nani husema lipi. Tatu, waulize wazee wa mtaani kwao juu ya maisha ya Kambi ya Waswahili, waandike kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu mwaka 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, na ambayo hapo zamani ilikuwa alama ya aibu kwa waliozaliwa nayo.

Sisi tulijaribu. Tuliwarudishia wanafunzi madaftari, safari hii maneno "kwa hiyo" tumeyazungushia wino mwekundu, tukawataka waandike upya. Hatukuwakataza kuyatumia. Binti mmoja aliandika hivi: "Venisi ilimkataza Shylock kazi nyingi ikamwachia kukopesha, kwa hiyo alikopesha. Kisu alikichagua mwenyewe." Sarufi ile ile, maneno yale yale mawili, lakini sasa yamekaa mahali pake.